Uso wa Baba Mkwe Katika Banda la Mtandao

Uyole, 11 Februari 2024

Kwako Ikupa,

Mimi ni mzima, magoti tu ndiyo hayana adabu. Mvua imenyesha mpaka viazi vya bondeni vimeanza kuozea ardhini, ukipita pale unashika pua. Ng'ombe amezaa dume, hasara tupu. Jirani Veneranda anakusalimu, ameuliza kama umeolewa, nikamwambia una mdomo wako akuulize mwenyewe.

Simu yako ya Jumapili niliipokea. Ulisema maneno mengi kama mahindi yanayokaangwa, nikashika mawili tu: kwamba umepata kazi huko Iringa, na kwamba kazi yenyewe ni kuwaza. Nikakata. Simu kwangu ni ya salamu na ya misiba. Jambo lenye uzito liandikwe, mtu alisome, akasirike, anywe maji, alisome tena. Mimi sikukaa miaka kumi na sita kwenye madawati kama wewe. Nilisoma kisomo cha watu wazima mwaka sabini na nne, ndani ya godauni la pareto, na baba yako yuko mgongoni ananikojolea. Lakini barua naandika kwa mkono wangu na hakuna anayenisaidia. Ukiona herufi zimenenepa usicheke.

Sasa niambie. Mtu analipwaje kwa kuwaza? Mimi nimewaza miaka sabini na sita na hakuna aliyeniletea hata kibiriti. Ni kazi ya halali? Huyo bosi wako ana mke?

Barua mpe kondakta wa basi la asubuhi, aiache kwa yule mama wa maparachichi hapa stendi. Anafika, usiniambie hafiki.

Ni mimi Bibi yako,
Subilaga

*

Iringa, 3 Machi 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku na upepo wake vinanipasua midomo. Mpe pole ng'ombe. Mpe pole na Veneranda, mwambie bado.

Bibi, kazi ni ya halali kabisa. Kuna bustani kubwa ya michezo inajengwa nje kidogo ya mji. Kuna bembea, treni ndogo ya watoto, bwawa, sehemu ya harusi. Bosi wangu anaitwa Bwana Kalinga, ana mke na watoto wanne. Mimi nimepewa banda moja nilibuni kuanzia sakafuni hadi paa, yaani kila kitu kitoke kichwani mwangu: Banda la Mtandao. Hakuna lingine kama hilo nyanda hizi zote. Ninaogopa na ninafurahi kwa pamoja. Nikilipatia, wataniajiri moja kwa moja. Nikikosea, mkataba wangu unaisha Desemba na ninarudi kutembeza bahasha.

Nimewaza vyumba vitatu. Cha kwanza unaingia unapigwa picha, kuta zote zinakuwa wewe, na watu wasiokujua wanakupigia makofi. Cha pili unapita kwenye njia nyembamba, maneno ya watu yanakuzunguka kama nzige, mazuri na mabaya. Cha tatu ndicho ninachokipenda zaidi, nimekiita Waliotutangulia. Unaleta picha ya marehemu wako, akili mnemba inaipa uhai, anafungua macho, anakusalimu kwa jina lako. Hebu fikiria, Bibi! Mtu aliyekufa anakusalimu!

Tunahitaji picha ya kuanzia. Nikaikumbuka ile picha moja ya baba yake Babu, Mzee Asukile, aliyopigwa studio Mbeya amevaa koti na kofia, iliyoko kwenye sanduku kwa Baba mdogo Obeid kule Chimala. Ni picha nzuri sana, uso umetoka vizuri. Unaonaje nikiiazima?

Mjukuu wako,
Ikupa

*

Uyole, 31 Machi 2024

Ikupa,

Leo ni Pasaka, nimetoka kanisani, nimekula wali wa mchele aliouleta Obeid jana, una mawe. Ng'ombe anatoa maziwa. Veneranda amevimba jino. Basi, salamu zimekwisha.

Barua yako niliisomea uani kwa sauti kama tulivyofundishwa, na nilipofika pale mdomo ukatamka kabla akili haijauzuia. Umeniandikia jina lake, wewe mtoto! Jina ambalo sijalitamka tangu nilipoolewa mwaka sitini na saba. Nilitema mate chini, nikasukutua na maji, na nikakaa kwenye kizingiti kama mlevi. Nani alikulea wewe? Mimi. Basi aibu ni yangu.

Nitakwambia mara moja, na usiniambie baadaye hukujua. Kwetu mke wa mtu hamtazami baba wa mumewe. Hali naye, hapiti alipo, halitaji jina lake. Twaita ukutila. Mkikutana njiani wewe mwanamke unaacha njia, unachuchumaa kwenye majani, unajifunika, anapita. Nimeishi naye boma moja miaka thelathini na moja mpaka alipokufa na sikuuona uso wake hata siku moja. Hata hiyo picha sijaiona. Babu yako aliifunga kwa kitambaa. Wasichana wa siku hizi wameyaacha haya, wanakaa na wakwe wanakunywa soda pamoja, shauri yao. Mimi sikuacha, na najivuna. Kuna wanawake wanajivunia mabati.

Sasa hilo banda lako. Banda ninalolijua mimi ni la Nane Nane. Unaingia unaona ng'ombe kweli, unaona kabichi kubwa kama kichwa cha mwenyekiti, unatoka umejifunza kitu. La kwako mtu analipa kuingia kujiangalia mwenyewe! Huko si kuumwa? Na kupigiwa makofi na nani? Na watu wasiomjua!

Huo mtandao nimeuona. Mwezi wa kwanza lori la nyanya lilipinduka hapa kwenye mteremko. Utingo alibanwa chini, mkono wake ulikuwa nje unachezacheza. Wakaja vijana, mabinti, na mzee mmoja wa kanisa, wote wameinua simu. Wote, Ikupa! Nyanya zimepasuka, damu na nyanya hujui ipi ni ipi, na wao wanarudi nyuma hatua moja ili picha ienee. Mimi na yule mama wa maparachichi ndio tulioshika ubao kuinua, wazee wawili, mpaka wapakiaji wa sokoni walipokuja. Yule utingo alikufa. Jioni binti wa vocha ananionyesha, "Bibi, umetokea!" Nikaona kinyaa mpaka kwenye meno. Weka hicho kwenye banda lako. Weka ule mkono.

Picha ya yule mzee haitoki sandukuni. Umesikia? Nijibu kwa maandishi kwamba umesikia.

Subilaga

*

Iringa, 19 Mei 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe nimechelewa, kazi imekuwa nyingi mno. Mpe pole Veneranda kwa jino. Huku mvua zimekatika, vumbi limeanza, watu wanauza mahindi ya kuchoma kila kona. Nimenunua viatu vipya vya kazi. Nimeanza kwenda kanisa moja la karibu, kwaya yao inaimba vizuri ingawa kwa Kihehe sishiki kitu.

Bibi, banda limesimama. Ukiliona huwezi kuamini ni kichwa cha mtoto uliyemlea kwa uji wa ulezi. Jumamosi tarehe 22 Juni ni siku ya majaribio, kabla halijafunguliwa rasmi, na kila aliyefanya kazi anaruhusiwa kuleta mtu mmoja wa kwao. Wengine wanaleta wachumba. Mimi nataka nikulete wewe. Tiketi ya basi nimeshaikata, kiti cha dirishani. Nitakupokea stendi mwenyewe.

Najua huupendi mtandao. Njoo basi uniangalie mimi. Mtu akifanya kitu kikubwa mara ya kwanza anataka mkubwa wake aone.

Vaa kile kitenge chako cha bluu.

Wako,
Ikupa

*

Iringa, 14 Julai 2024

Bibi,

Shikamoo. Nimepiga simu mara nyingi, hupokei. Kondakta anasema barua ya wiki iliyopita iko bado kwa mama wa maparachichi, hujaifuata. Yule mama kamwambia umefika salama na unalima.

Naomba uniandikie hata neno moja. Hata la kunitukana.

Ikupa

*

Uyole, 25 Agosti 2024

Ikupa,

Neno moja halitoshi.

Salamu sina. Ng'ombe yupo, viazi vimetoka, Veneranda kang'olewa jino. Nimekaa miezi miwili siandiki kwa sababu kila nikishika kalamu mate yalikuwa yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika, na karatasi ni ya kununua.

Nilikuja. Nilikuja kwa sababu mtoto akikuita uone kazi yake huwezi kumwambia magoti yanauma. Nilivaa kitenge cha bluu kama ulivyotaka, na sasa nauliza, ulitaka cha bluu ili nipendeze au ili nionekane vizuri kwenye picha? Usinijibu haraka.

Ulinishika mkono. Kile chumba cha kwanza nilipita nimeinamisha kichwa. Kile cha maneno sikusoma, kilikuwa kinanuka rangi mbichi na jasho la watu. Halafu chumba cha tatu, giza, baridi, ukaniketisha kwenye kigoda ukaniambia, "Bibi, kaa hapa, usiogope." Ukatoka. Mkono wako ulikuwa umelowa, niliusikia. Mtu ambaye hajafanya kitu mkono wake haulowi.

Ukuta ukawaka. Uso. Uso mkubwa kuliko mlango wa kanisa. Sikujua ni nani, nitamjuaje? Nikawa namtazama machoni kabisa, nikasema moyoni, huyu mzee mbona ana macho ya Obeid. Ndipo akanitaja. "Subilaga, mkamwana wangu, karibu. Mbona unajificha? Nitazame."

Nimeshamtazama, Ikupa. Nilikuwa nimeshamtazama kabla sijajua.

Nilianguka chini. Nikajifunika, nikawa natambaa natafuta mlango kwa mikono, naye juu kule anacheka. Yule mzee alikuwa hacheki ovyo, hata mimi niliyekuwa nyuma ya nyumba nilijua hilo. Mmempa meno meupe kama ya mtangazaji, na Kiswahili cha redioni. Alikuwa anajua Kiswahili cha kununulia chumvi tu! Mmemchukua mzee wa watu mmemfanya kikaragosi cha kuuzia tiketi. Nguruwe akila mzoga ana nafuu, maana ana njaa.

Na nilipoushika mlango nikakuta ni kioo, na nyuma ya kioo watu wamejaa, wanakula bisi, wameinua simu. Kama pale kwenye lori. Na wewe uko katikati yao. Hukuinua simu, hilo nililiona. Ulikuwa umeziba mdomo kwa mkono. Sijui ulikuwa unalia au unacheka na sitaki kujua.

Sasa sikia kitu ambacho sikumwambia mtu, hata babu yako. Mnadhani kujificha kule kulikuwa utumwa. Walimu wenu wamewafundisha hivyo. Mimi nilikuwa na miaka kumi na nane, nimetoka kwa watu wangu, sijui kitu. Yule mzee alikuwa hapiti njia yetu bila kukohoa. Akifika kwenye migomba anakohoa mara mbili, anasimama, anasubiri. Ananipa nafasi nijifiche. Mvua ikinyesha anasimama kwenye mvua. Hakuwahi kunifuma, miaka thelathini na moja, hata alipokuwa mgonjwa anatembea kwa fimbo. Baba yako alipougua degedege, asubuhi nilikuta kibuyu cha maziwa njiani kimefunikwa kwa jani, nikasikia kikohozi kinaenda mbali. Mimi nilimheshimu kwa kujificha, na yeye aliniheshimu kwa kukohoa. Tulikuwa tunaongea hivyo. Mazungumzo marefu kuliko niliyoongea na babu yako, Mungu amrehemu, ambaye tulikuwa tunatazamana kila siku na hatuambiani kitu.

Yule wa banda lako hakukohoa.

Nilikuwa na baba mkwe niliyemjua kwa kikohozi na nyayo zake. Sasa nikifumba macho nakiona kile kinyago chenye meno. Umeniondolea mtu, ukaniachia takataka mahali pake.

Binti wa vocha anayo ile picha inayotembea. Wanaiita "Bibi akutana na mkwe". Watoto wa shule wananikuta njiani wanachuchumaa, wanajifunika masweta, wanacheka.

Nilikwambia picha isitoke sandukuni, nikakwambia unijibu. Ulinijibu kuhusu viatu.

Sijaweka jina. Unajua ni nani.

*

Iringa, 22 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo, ingawa sijui kama utaipokea.

Umesema nisijibu haraka. Nimekaa wiki nne. Nitaandika bila kupamba.

Picha niliichukua kwa Baba mdogo Obeid wiki moja baada ya barua yako ya Pasaka. Alikuwa hajui umekataa, mimi sikumwambia. Aliweka sahihi fomu ya idhini, akaniambia babu atafurahi kutembea Iringa.

Kitenge cha bluu kilikuwa kwa ajili ya kamera.

Bwana Kalinga alikuwa anasema chumba cha tatu kimepoa. Watu wa majaribio walikuwa wanaingia, wanatabasamu, wanatoka. Akatuuliza kwenye kikao, "Nani ana mtu atakayeshtuka kweli kweli?" Nikanyoosha mkono. Bibi, nilikuwa na barua yako ndani ya begi, ile yenye ukutila, nilikuwa nimeisoma mara nyingi. Nilijua. Nilinyoosha mkono nikijua.

Na yale maneno, "Mbona unajificha? Nitazame", hayakutoka kwa mashine. Mashine ilimpa sauti tu. Maneno niliyaandika mimi kwenye meza yangu, nikayafuta mara mbili, nikayarudisha.

Wakanipigia makofi. Sasa chumba cha tatu ndicho kinachojaza watu. Banda lilifunguliwa Agosti, na bango lililoko barabarani lina wewe, umeinama, kitenge cha bluu. Malori yote ya Mbeya yanapita pale. Ninaposhuka kazini asubuhi ninatazama upande mwingine.

Niliomba waiondoe sura ya mzee. Bwana Kalinga akasema idhini ipo. Nikaenda Chimala kumwomba Baba mdogo aifute. Amekataa. Anasema babu sasa ni maarufu, wateja wa mchele wanamuuliza habari zake, na wewe hasira zitapoa.

Imebaki njia moja. Mwanasheria wa bustani amesema mkubwa wa familia aliye hai akikataa kwa maandishi, idhini ya mdogo inakufa, na wataondoa sura, sauti na video, na bango. Mkubwa ni wewe. Fomu nimeiweka ndani. Lakini Bibi, fomu ina mstari wa jina la marehemu. Kwa kuwa unajua kuandika, wanataka jina na sahihi viwe kwa mkono wako mwenyewe. Nilibishana sana. Nilimwambia mila yetu hairuhusu. Akasema bila jina, fomu ni karatasi tu.

Sikuombi uandike. Nakwambia tu kwamba ipo.

Jambo moja zaidi, usije ukalisikia kwingine. Fomu hiyo ni lazima niipeleke mimi, na Bwana Kalinga ameshaniambia nikiipeleka nisirudi mezani kwangu.

Mjukuu wako, kama bado,
Ikupa

*

Uyole, 20 Oktoba 2024

Ikupa,

Nimesoma. Nilikuwa nadhani wewe ni mjinga uliyedanganywa na watu wa mjini. Kumbe uliyewafundisha ni wewe. Nilipofika pale uliponyoosha mkono niliiweka barua yako nje, kwenye jiwe, maana sikutaka ilale ndani ya nyumba yangu. Asubuhi nikaenda kuichukua. Umande ulikuwa umeilowesha lakini bado inasomeka, maneno mabaya hayafutiki kwa umande.

Nilianza na Obeid. Nilipanda basi mpaka Chimala, nikakaa mlangoni pa duka lake juu ya gunia, tangu saa tatu mpaka wanafunga. Nikamwambia kila mteja, "Huyu mwanangu anauza mchele na babu yake, unataka kilo ngapi?" Alisema, "Mama, unaniaibisha." Nikamwambia, "Wewe umeona aibu siku moja, nipishe." Hakusaini kufuta idhini yake. Analia lakini hasaini. Anasema kule bandani babu anaonekana ana furaha, na yeye hajawahi kumwona ana furaha. Mjinga. Nimemwacha na gunia lake.

Nikaileta fomu nyumbani nikaiweka mezani. Wiki tatu imekaa pale, nakula upande mwingine wa meza.

Ningeweza kumwita Veneranda aandike, mkono wake na wangu nani huko Iringa anaujua? Nilimwambia, akakubali, akashika kalamu. Nikamnyang'anya. Huu uongo ungekuwa mdogo, lakini mimi nimechoka na vitu vya bandia juu ya yule mzee. Sauti ya bandia, meno ya bandia, halafu na mkono wa bandia?

Nikajiuliza, Subilaga, hilo jina hulitaji kwa ajili ya nani? Kwa ajili yake, au kwa ajili ya kujisifu kanisani kwamba wewe hukuacha? Nimejisifu sana, nakiri. Nikawa naona nikikaa na mdomo wangu safi hapa Uyole, huku yeye anachekeshwa mbele ya walaji wa bisi kila Jumamosi, basi usafi huo ni uchafu. Yeye alisimama kwenye mvua. Mimi nashindwa kusimama kwenye mstari mmoja wa wino?

Leo asubuhi nimenawa mikono. Nimefunga mlango. Nimejifunika kitenge kichwani, kile cheusi, cha bluu nimekichoma. Nikaliandika, lote, kama ulivyoliandika wewe kwenye ile barua, maana sikuwa najua linaandikwaje. Herufi zimeruka mstari, moja imepinda kama kucha ya kuku. Ni mara yangu ya kwanza na ya mwisho. Nilipomaliza sikusikia kitu. Nilidhani nitaanguka, sikuanguka. Nilisikia tu ng'ombe anakojoa.

Fomu iko ndani ya bahasha hii. Nimeshona kwa uzi kwa sababu gundi siiamini.

Sasa uamuzi ni wako na kazi ni yako. Sikuhurumii kwa hiyo meza. Ukiificha hiyo karatasi nitajua, kwa sababu madereva wa malori watakuwa bado wananitambua. Na siku nikijua, nitawaambia watu nilikuwa na mjukuu, akafa Iringa, tukamzika bila matanga.

Msamaha usiuulizie. Sina wa kukupa mwaka huu.

Subilaga

*

Iringa, 1 Novemba 2024

Bibi,

Shikamoo.

Niliipeleka juzi saa mbili asubuhi. Saa nne chumba cha tatu kilizimwa. Mchana mafundi walipanda ngazi barabarani, nikasimama chini mpaka bango likateremka lote. Video iliyoko kwenye simu za watu hawawezi kuifuta, Bibi, hilo walinidanganya au nilijidanganya mwenyewe. Itaendelea kuzunguka. Nimeona nikwambie mimi kabla hujalikuta njiani.

Jioni nilipewa barua yangu. Nitashuka Uyole Jumatatu na begi moja. Kama mlango utakuwa umefungwa nitakaa nje.

Kabla sijatoka Bwana Kalinga aliishika ile fomu, akaigeuza huku na huku. Akasema, "Hili jina limepinda, silisomi. Hebu nisomee."

Nikamwambia asome mwenyewe.

Ikupa